Barua kwa mwanangu Bhoke: hiyo kozi usihame

Marahaba mwanangu,

Ile voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza, na baba yako nae kaisikiliza akacheka akasema hilo swali muulize mama yako ndo mtu wa maji. Nimeona nikujibu kwa kuandika maana voisi zangu ndefu najua huwa unaziruka. Umeuliza hii digrii ya mazingira unayosoma hapo SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine, ni digrii kweli au ndo ya kupanda miti tu, na kama uhamie uhasibu kama anavyosema mjomba wako kabla hujaingia mwaka wa tatu.

Usihame. Kuhama sa hivi ni kuanza mwaka wa kwanza upya na mambo ya bodi ya mkopo uanze kuyafuatilia moja baada ya jingine, afu uhasibu wenyewe hujawahi kuupenda, we hata hesabu ya vikoba ulikuwa unamwachia dada yako. Ila mjomba wako sio mjinga, kuna kitu anakiona. Anaona vijana wanamaliza mazingira wanajua kuongea juu ya kila kitu, tabianchi wanaongea, plastiki wanaongea, misitu wanaongea, ukimwambia sawa basi nenda mtoni kaniambie haya maji yana nini anakuangalia tu. Kwa hiyo mi nakwambia baki, lakini utoke hapo na kitu kimoja unachojua kukipima kwa mkono wako mwenyewe na ukakitetea mbele ya watu. Kingine chote kitajijenga juu ya hicho.

Nikupe mfano wa nyumbani. Unakumbuka Machi 2022 Mto Mara maji yalivyogeuka meusi kule Kirumi na samaki kufa, ulikuwa bado sekondari. Nchi nzima ikawa inaongelea huo mto. Wengi walishaamua kwamba ni sumu ya migodini. Serikali ikaunda kamati, kamati ikaja na majibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza kwenye lile eneo oevu, weee, watu walicheka mtandaoni mpaka basi, ikawa ng'ombe ng'ombe ng'ombe kila ukishika simu. Mi nilikuwa kazini maabara ya maji siku hizo na kila mtu mtaani ananiuliza mama Bhoke ukweli ni upi, kana kwamba nimeufungia kwenye friji ya sampuli.

Sasa sikiliza, hapa ndo pale digrii yako inapoanza kuwa na maana. Kinyesi kuua samaki sio kichekesho. Kinyesi na majani yakiingia mengi kwenye maji, bakteria wanayala, na wakiyala wanatumia oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji. Maji mazuri ya huku kwetu kwa joto letu na mwinuko wetu yanabeba oksijeni kama miligramu 7 hivi kwa lita, ikishuka chini ya 2 samaki wengi wanakufa kwa kukosa pumzi. Upande wa Kenya kuna watafiti walikaa miaka kwenye huo huo Mto Mara wakipima, wakatoa utafiti wao 2018, yani kabla ya hiki kisa chetu: viboko zaidi ya 4,000 wanajisaidia kwenye madimbwi kipindi cha kiangazi, mvua kubwa ikija inasukuma ule uchafu wote kwa mpigo, oksijeni inaanguka, samaki wanakufa. Kwa hiyo ukiniambia kinyesi, siwezi kucheka kabla sijaona namba.

Ila na wale walioshuku migodi nao hawakuwa wajinga, usije ukanisoma vibaya. Mtu anayeishi kando ya mto karibu na mgodi ana haki ya kushuku, na akishuku ajibiwe kwa vipimo, asijibiwe kwa madaraka. Na vipimo vina wakati wake. Sayanaidi kwa mfano haikai sana kwenye maji ya wazi, jua na hewa vinaivunja, ukienda kuchukua sampuli siku nyingi baadae ukasema haipo hujasema kitu. Zebaki ni tofauti, hiyo inakaa kwenye tope la chini na inaingia kwa samaki, kwa hiyo ukipima maji ya juu tu hujaitafuta. Oksijeni yenyewe unaipima pale pale mtoni, ukibeba maji kwenye chupa ya soda mpaka mjini umebeba uongo. Afu kuna kitu wavuvi wa zamani wanakijua bila digrii: angalia nani kafa na nani mzima. Kambare na kamongo wanavuta hewa ya juu, kwa hiyo ukikuta sato wameelea na kambare bado anahema, shuku oksijeni kwanza. Ukikuta mpaka kambare chali, hapo fungua macho, kuna kitu kingine. Sio ushahidi huo, ni pa kuanzia, lakini ukienda eneo la tukio ukajua hata hilo tu wazee watakuheshimu.

Na unajua watu walikosa nini hasa kwenye ule ubishi wote? Mi naona walikosa namba za nyuma, za kila mwezi, za miaka, zilizo wazi kila mtu anaziona, za kukwambia Mto Mara mwezi wa 3 huwa unakuwaje siku za kawaida. Ukiwa nazo hizo ubishi unaisha haraka, wa kuumbuka anaumbuka. Usipokuwa nazo hata ukisema ukweli mtupu watu hawakuamini, na wana sababu.

Sasa ajira, maana najua ndo swali lenyewe hata kama umelifunika na miti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, nenda kaisome yenyewe, usisome madesa, zile notsi za kurithishana. Hiyo sheria ndo imeweka kwamba halmashauri iwe na afisa mazingira, na ndo imeweka tathmini ya athari kwa mazingira, kwamba huwezi kuibuka tu ukajenga kiwanda au mgodi bila kuonyesha utaharibu nini na utarekebishaje. Baraza la taifa la mazingira, NEMC, lilikuwepo toka 1983, lakini sheria ya 2004 ndo ilikuja kulipa nguvu. Na kanuni za 2018 zikagawa miradi kwa makundi, kuna A, kuna B1 na B2, ukubwa wa madhara ndo unaamua unaingia wapi. Kila hapo pana kazi ya mtu. Kuna wa kuandaa tathmini, wa kuikagua, na wa kwenda kuangalia miaka mitatu baadae kama walichoahidi wamekifanya. Huyu wa tatu ndo haba kuliko wote na ndo ninayemtamani uwe.

Sikudanganyi lakini. Ajira za serikali zinatoka kwa kusuasua, utajaza Ajira Portal, utaitwa intavyuu mko mia kadhaa kwa nafasi chache. Makampuni ya ushauri yapo, wataalam wao wanasajiliwa NEMC, mtu anayeanza anaanzia chini kabisa, kubeba vifaa, kuhoji wanakijiji, kuandika sura ambazo jina lake halitokei. Na humo utakutana na ripoti zilizonakiliwa, nimewahi kushika moja ya mradi wa huku ziwani imeandika mikoko, mikoko jamani, Ziwa Victoria! Mtu kachukua ripoti ya pwani kabadilisha jina la mkoa. Ukikutana na hayo usishiriki, na usidhani ndo kazi yenyewe ilivyo.

Ndo maana nakwambia takwimu, kemia na GIS, yani ramani za kompyuta. Najua una sapu ya takwimu, mtihani wa kurudia, na najua unavyoichukia, lakini hayo masomo matatu ndo yatakayokutenga na wenzako elfu wenye cheti kama chako. Yale ya sera na uhamasishaji yasome ufaulu, basi. GIS hata hauhitaji hela, programu ya QGIS ni ya bure, picha za setilaiti za Sentinel za Ulaya nazo bure, unaona mpaka kipande cha mita 10 kwa 10. Laptop yako hiyo hiyo unayoangalizia tamthilia inatosha.

Na we upo mahali pazuri kuliko unavyojua. Hapo Morogoro juu yako ni milima ya Uluguru, watu wanalima kwenye miteremko mikali, mvua ikipiga udongo unashuka, Mto Ngerengere unaupeleka Bwawa la Mindu ambalo ndo sehemu kubwa ya mji inakunywa, na bwawa linajaa tope. Mto huo huo unaendelea unaingia Ruvu, na Ruvu ndo Dar wanakunywa. Oktoba 2022 Ruvu iliposhuka Dar wakaanza mgao wa maji na kule ndo watu wakakumbuka kwamba maji yana milima yake. Kwa hiyo ripoti yako ya mwisho usiniandikie "uelewa wa jamii kuhusu mabadiliko ya tabianchi", kila mwaka wanaandika hiyo. Chukua kijito kimoja kinachoingia Mindu, pima tope, kabla ya mvua na baada ya mvua, juu ya mashamba na chini ya mashamba. Kitu kidogo hivyo. Lecha wako atafurahi maana na yeye kachoka.

Kuhusu kupanda miti, mwambie mjomba wako kupanda miti nako kuna kusoma. Akapande mikaratusi kwenye chemchemi ya kijijini kwao afu arudi miaka kumi baadae aniambie maji yako wapi. Na yule mama wa Kenya, Wangari Maathai, aliyeanzisha upandaji miti wa wanawake 1977 na akapata Nobel ya amani 2004, alikuwa daktari wa anatomia ya wanyama, udaktari wake aliupata Chuo Kikuu cha Nairobi 1971. Mtu wa maabara kama mama yako, tofauti ni yeye alikuwa profesa na mi nina diploma yangu ya Chuo cha Maji Ubungo hahaha.

Bibi yako alikula furu, wale samaki wadogo wa ziwani, akiwa msichana, we furu umemuona wapi? Sangara aliletwa ziwani miaka ya 50 kwa nia nzuri kabisa, watu wapate samaki mkubwa wa kuuza, na kweli viwanda vya minofu vikaja na hela ikaja, nyumba za bati za mjini hapa nyingi ni za sangara. Lakini furu wa aina mamia waliokuwa hawapatikani popote duniani wakaisha wengi, na hatuna hata orodha kamili ya tulichokipoteza. Sisemi sangara asingeletwa, hela yake imetusomesha. Nasema mtu alitakiwa ahesabu kwanza.

Fildi, yani mafunzo kwa vitendo. Usikubali kwenda ofisi ambayo utakuwa unachemsha chai na kupiga picha siku ya usafi. Barua andika mapema, jaribu Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu wapo hapo hapo Morogoro, wakikataa uje huku kwetu nikuombee maabara, ila nikikuombea jua utakuja kuosha chupa wiki ya kwanza nzima na sitakutetea kwa mtu. Chupa ikioshwa vibaya majibu yote ni takataka, kwa hiyo usione ni adhabu. Nunua daftari gumu la kuandikia, sio simu, simu inazimika, na andika kwa penseli maana peni ikilowa inafutika.

Mjomba wako nitaongea nae mwenyewe, usijibizane nae kwenye grupu la familia. We niambie sapu ni tarehe ngapi na kama bumu, hela ya kujikimu ya mkopo, limeingia au bado, na buti za mpira nitakutumia hela Ijumaa, chukua zile ndefu za kufika karibu na goti, zile fupi maji yanaingia kwa juu.

Mama