Jibu: Kuasili korgi wakati tayari una mbwa

Habari dada. Umesema ombi lako la kuasili korgi, yule mbwa wa miguu mifupi, limekwama kwenye swali la mbwa uliye naye. Kwanza angalia kadi yake: chanjo ya kichaa cha mbwa isiwe imepitwa na wakati. Kama unaishi nyumba ya kupanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi; ombi langu lilikaa hapo muda mrefu. Kisha omba mbwa hao wawili wakutanishwe nje, msitu wa Karura jijini Nairobi kwa mfano, wote kwenye kamba, mkitembea sambamba. Getini kwako usithubutu, mbwa wako mwenyeji atalinda boma lake. Korgi naye alizalishwa kuswaga ng'ombe kwa kuwang'ata visigino. Wangu humswaga kijana wangu vivyo hivyo mpaka jikoni, soksi zimetoboka zote! Bakuli za chakula zitenganishe tangu siku ya kwanza.