Darasa la awali: shule ya jirani au ya mbali?

SWALI: Mwanangu anatimiza miaka 5 na tunaishi Gungu, Kigoma. Shule ya msingi ya karibu naambiwa darasa la awali limefurika. Ya pili ina watoto wachache, ila ni mwendo wa dakika 40. Nichague ipi? – Mama wa Gungu

JIBU: Mama, usitegemee maneno ya kuambiwa. Nenda shule zote mbili saa 3 asubuhi, siku ya masomo, uhesabu vichwa vilivyomo darasani. Daftari la mahudhurio pekee halitoshi. Kiwango cha serikali ni mwalimu 1 kwa watoto 25 wa awali. Wakiwa 90 na mwalimu mmoja, wa nyuma huimba tu, kalamu hawashiki.

Lakini idadi si yote. Muulize mwalimu mkuu: mwalimu wa awali anafundisha na darasa la kwanza? Hapo ndipo mambo huharibika. Walimu wakipungua, yeye ndiye huhamishwa kwanza, na watoto hubaki wakicheza uwanjani hadi saa ya kurudi. Tazama pia kona za kujifunzia, maji ya kunawa na choo ambacho mtoto mdogo anaweza kukitumia bila hofu.

Dakika 40 hizo ni zako. Za mtoto ni saa nzima, tena masika matope. Ya jirani ikiwa na walimu wawili, hata darasa likiwa kubwa, mpeleke hapo. Kamwandikishe mapema, kabla ya Januari, na cheti cha kuzaliwa mkononi.