Manali hadi Leh kwa Siku Mbili?

SWALI: Mzee wa Gia, shikamoo. Mimi na mke wangu tunakwenda India mwezi wa saba. Tumepanga kukodi pikipiki Manali na kupanda hadi Leh kwa siku mbili, kisha tutumie siku tano kuzunguka ziwa Pangong na bonde la Nubra. Kwenye ramani Manali hadi Leh ni kilomita 430 hivi, na mimi nimeshaendesha 600 kwa siku moja bila taabu. Mke wangu anasema nina haraka. Tuamulie.
– Mwenye Haraka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkeo amesema kweli, na ningeweza kuishia hapo, ila naona unataka hesabu.

Hizo kilomita 600 uliziendesha chini, kwenye hewa tele. Manali iko mita 2,000 na kidogo juu ya usawa wa bahari, Leh 3,500. Ukiangalia miji hiyo miwili tu utadhani ni kupanda mita 1,500 basi. Lakini katikati kuna Baralacha La, kuna Lachulung La, na kuna Tanglang La yenye mita 5,328. (La, kwa lugha ya huko, ni pale njia inapopenyea mlima.) Huko juu hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, na anayeikosa si injini peke yake.

Mimi nililala Sarchu, kambi ya mahema njiani, usiku wa kwanza, mita zipatazo 4,290, kwa sababu ramani ilionyesha ni nusu ya safari. Saa nane usiku nilikuwa nimekaa nje ya hema nimeshika kichwa kama mfiwa, maji ninayokunywa yanarudi. Kulipokucha sikuweza hata kufunga kamba za buti. Mwenzangu alinifunga, akanipakia nyuma, tukageuza kurudi Jispa, ambako ni mita 3,200 hivi. Jioni nilikuwa mzima, nimekasirika tu.

Madaktari wa milimani wana kanuni yao: ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500. Ubaya wa barabara hii ni kwamba haina vitanda vya kufuata kanuni hiyo. Kati ya Jispa na Leh pa kulala ni mahema kwa sehemu kubwa, na mengi yako juu. Kwa hiyo lala Jispa usiku mbili, si mmoja. Siku ya katikati panda kidogo na pikipiki bila mizigo, kisha ushuke ulale palepale. Ndipo uende Sarchu, na kesho yake Leh. Muulize daktari wako mapema kuhusu asetazolamaidi, dawa ya kuzuia maradhi ya kimo, na mkubaliane tangu nyumbani: yeyote akianza kuyumba au kuongea ovyo, mnashuka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Njia ya kupitia Srinagar, mji wa Kashmir, hupanda taratibu zaidi, maana unalala Kargil kwenye mita 2,700 hivi. Mwili wangu unaipenda kuliko hii. Ila soma kwanza serikali yako inaonya nini kuhusu Kashmir, kwa kuwa bima nyingi hazilipi pale serikali iliposema usiende.

Sasa petroli. Pale Tandi, baada ya handaki la Atal, kuna kituo chenye kibao kinachojulikana na kila mwendesha pikipiki: kituo kinachofuata kiko kilomita 365 mbele. Tuseme umekodi Royal Enfield Himalayan ya cc 411, tangi lita 15. Ukiwa peke yako itakupa hata kilomita 30 kwa lita. Pakia mtu na mizigo, panda kona 21 za Gata Loops kwa gia ya kwanza na ya pili, uhesabu 25. Hiyo ni 375, yaani umebakiwa na kilomita kumi za kubahatisha. Beba dumu la lita tano. Mahemani kuna wanaouza petroli kwenye chupa, lakini usiwategemee.

Mwezi wa saba nao sikushauri. Upande wa Manali ni mvua na maporomoko, na vijito vinavyokatiza barabara ng'ambo ya pili ya mlima hujaa maji theluji inapoyeyuka. Asubuhi maji yako kwenye kifundo cha mguu, alasiri yako kwenye goti, kijito kilekile. Mwezi wa tisa ni mtulivu zaidi. Vyovyote vile, ondokeni alfajiri. Mkifika kwenye maji, mkeo ashuke avuke kwa miguu. Wewe ingia gia ya kwanza, usipunguze mafuta katikati, macho yawe ng'ambo na si kwenye mawe.

Jambo moja hukulitaja, labda hukuambiwa. Wakodishaji wa Leh wamekuwa hawataki pikipiki iliyokodiwa nje ya Ladakh, eneo ilimo Leh, izunguke Pangong na Nubra. Utaiegesha ukodi nyingine palepale. Na ninyi wageni mnahitaji vibali vya kwenda sehemu hizo mbili, hupatikana Leh. Hapo siku zako saba hazitoshi. Weka kumi na mbili, au futa Nubra.

Unapokodi, piga picha kila mkwaruzo, jaribu breki zote mbili, tazama cheni na meno ya sproketi, uulize tyubu ya akiba na spana. Mimi niliwahi kupewa pikipiki yenye spana isiyoingia kwenye nati hata moja. Pasipoti usiiache dhamana. Acha nakala na pesa.

Halafu chukua kibali chako cha kimataifa cha udereva, ufungue ukurasa wenye picha yako, utafute herufi A. Muhuri uwe hapo. Wengi wana muhuri kwenye B tu, ya gari, na bima ikishaona hivyo haikulipi hata bandeji.