Kwa anayeanza kuchanganya bourbon nyumbani

Hapa Mbeya chupa ya bourbon, ile wiski ya Marekani, si ya kununua kila wiki, kwa hiyo usikimbilie kumimina. Kwanza onja kila chupa peke yake, bila soda wala barafu, ujue imepungukiwa nini. Kama hujui, unachanganya ili iweje?

Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi angalau asilimia 51, na ilazwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Utamu wa mahindi basi utaukuta kote. Sisi watu wa nyanda za juu hatuhitaji kufundishwa hilo. Tofauti kubwa huletwa na nafaka inayofuata. Nyingi hutiwa rai (nafaka ambayo Waingereza huiita rye), inayowasha ulimi kama pilipili manga. Maker's Mark wao huweka ngano, ndiyo maana inateremka kwa upole.

Sasa vipimo. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, lisilo na sindano. Chukua mililita 30 za Jim Beam ya kawaida, yenye kilevi asilimia 40, uongeze 10 za Wild Turkey 101, yenye asilimia 50.5. Unapata kama asilimia 42.6: bado inanyweka, ila ladha imesimama. Ikiwasha mno, ongeza mililita 5 za ile ya ngano, koroga, onja tena. Chupa mbili zinatosha kujifunzia, tatu ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo hutajua nani kaharibu.

Usitoe hukumu siku hiyohiyo. Funga kwenye kichupa cha kioo, uonje tena baada ya siku kadhaa, maana mara nyingi ukali wa mwanzo hutulia. Na baridi yetu ya Juni na Julai hufunga harufu, kwa hiyo shika glasi viganjani ipate joto kabla ya kunusa.

Wapo watakaokuambia huko ni kuharibu kinywaji cha watu. Four Roses wenyewe wana mapishi 10 na huyachanganya kiwandani, sembuse wewe. Ila chupa mbovu haiokolewi kwa nzuri. Utapoteza zote mbili. Isiyo na stempu ya TRA usiiguse kabisa, na gongo isikaribie meza hiyo.

Mchanganyiko ukikubali, bandika karatasi: nini, kiasi gani, tarehe. Halafu wageni wakisifia, usiwadanganye kwamba ni Maker's Mark.