Wifi anamtesa mtoto wa watu, nami muhali umenikaba

*Shikamoo Shangazi. Mie niko Pemba, upande wa Wete, nyumba yangu na ya wifi yangu zinatenganishwa na ua wa makuti tu. Wifi analea mtoto wa kike wa miaka 9, mtoto wa dada wa mumewe, mama yake yuko Oman anafanya kazi za ndani. Msimu wa karafuu alikuja kunisaidia kuchambua makonyo, akanyoosha mkono gauni likapanda, nikaona alama za waya, nyengine mbichi nyengine zishakuwa nyeusi. Nikamuuliza akasema ameanguka. Skuli haendi kila siku, na kuna usiku wa pili au wa tatu nimemsikia analia uwani amefungiwa nje. Nilimwambia mume wangu, akanijibu anatiwa adabu, nisiwatie ndugu zake fedheha. Nikisema itajulikana ni mimi. Na kama nimekosea je? Nifanyeje Shangazi?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimekwama palepale kwenye mkono wa gauni. Mtu akianguka anachubuka goti, kiwiko, kipaji, hachubuki mistari mirefu juu ya mkono, na haanguki leo halafu akaanguka tena wiki ijayo mahali palepale. Alama mpya juu ya alama kuukuu ndo hiyo ya kushikilia. Sote tumepigwa kofi na mama zetu, sikatai, lakini hii ya waya na kulazwa nje na kukoseshwa skuli sijui adabu gani.

Sasa hili la muhali. Sisi watu wa visiwani muhali tunanyonya na maziwa, huyu ni wifi, yule ni shemegi, yule tumesoma nae chuoni, basi kila mtu anajua na hakuna anaesema. Mie mwenyewe miaka hiyo nilikuwa na jirani, kijana mdogo wa kiume akija kila asubuhi kwenye dirisha la jiko langu, nampa andazi anakula palepale amesimama, haraka haraka anaangalia nyuma. Nilijiona mtu mwema mie kwa lile andazi. Siku moja nikaamka ile nyumba tupu, wamehama usiku, mpaka leo sijui yule mtoto yuko wapi. Kwa hiyo sikuambii haya kwa kujifanya hodari.

Kwanza nikutoe hofu ya kukosea. Kazi yako si kuthibitisha, kuchunguza wala kuhukumu, wako watu wanaolipwa mshahara kwa hilo. Wewe unasema ulichokiona na ulichokisikia, basi. Chukua daftari, andika tarehe, saa, umeona nini, sehemu gani ya mwili, usiku gani umemsikia analia na kama mvua ilikuwa inanyesha. Vya kuona kwa macho yako viweke mbali na vya kuambiwa, na vya kudhani usiviandike kabisa. Na tafadhali usimpige picha mtoto ukaitia kwenye grupu la wasapu au stetasi, nnajua watu wanadhani wanasaidia, lakini ile picha ikizunguka Unguja na Pemba mtoto ndo anaeaibika na wifi yako anapata mwanya wa kujiandaa.

Na yule mtoto usimbane kwa maswali. Ulimuuliza mara moja yatosha. Akija siku akasema mwenyewe, msikilize tu, endelea kuchambua makonyo yako usimkazie macho, usimwambie "ni wifi kakupiga ee?" maana hapo umemtia maneno mdomoni na baadae itasemwa kafundishwa. Akikwambia usimwambie mtu, usimuahidi hivo. Mwambie ntamwambia mtu anaeweza kukusaidia. Halafu maneno yake yaandike kama alivyoyasema, hata kama ya kitoto.

Sasa uende wapi. Kwa hali yako mie ningeanza na simu, piga 116, ndo namba ya taifa ya kuwasaidia watoto, inafanya kazi na huku kwetu, bure, usiku na mchana, hata huna salio inapiga, na si lazima utaje jina lako. Wanaichukua taarifa wanaipeleka kwa watu wa ustawi wa jamii wa huko uliko. Ukiweza kutoka, nenda mwenyewe kwa afisa ustawi wa wilaya, kaa nae faragha, mwambie mapema kwamba jina lako hutaki litajwe. Sheha nae, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yenu, ni njia, na mara nyingi ndo ya karibu, lakini jiulize kwanza, sheha wenu anakaa baraza moja na mume wa wifi yako? Kama ndio, mruke. Hakuna anaekulazimisha kuanzia kwake. Mwalimu wa skuli nae asisahauliwe, ana daftari la mahudhurio na lile halina undugu na mtu.

Kuna mambo mawili ya kutongoja simu wala afisa. Ukimsikia usiku anapigwa kiasi cha kuhofia roho yake, hapo ni polisi moja kwa moja, ukiweza omba dawati la jinsia na watoto. Na la pili, sisemi ndilo hili lakini nitalisema kwa kuwa wengine wanasoma, ikiwa mtoto kachezewa au kabakwa, asioshwe, nguo alizovaa zisifuliwe, zifungwe kwenye karatasi au kanga kavu si mfuko wa plastiki, apelekwe hospitali kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kipo Mnazi Mmoja Unguja na Chake Chake huko Pemba pia kipo, daktari, polisi na ustawi anawapata pamoja. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo msikae kitako kwanza kuita wazee wa pande mbili. Hiyo suluhu ya wazee, ya kupeana pesa na kuombana radhi mtoto akiwa chumbani, imeshaua kesi nyingi mno.

Unaogopa pengine watakuja na karandinga wamchukue mtoto na wifi siku ileile. Mara nyingi haiendi hivo. Afisa anakuja, anaangalia nyumba, anazungumza na mtoto pembeni, anauliza skuli, anatafuta ndugu mwengine wa kumlea kama hapo hapafai. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inamhesabu ni mtoto mpaka atimie miaka 18, basi huyu wa miaka 9 ana ulinzi wake wa sheria, hahitaji ruhusa ya mume wako.

Mama yake aliyeko Oman nnaona utatamani umpigie. Ngoja. Atapandwa na uchungu, dakika ileile atampigia wifi yako kumtukana, na usiku ule atakaelipa ni mtoto. Waachie ustawi wamtafute wao.

Mume wako usimwambie. Sikufundishi kumficha mume mambo, lakini kashakuonesha atasimama wapi, na ukimwambia leo kesho wifi anajua. Wifi mtendee kama kawaida, omba chumvi, mpelekee sahani ya pilau, na mtoto aendelee kuja kwako. Atakapokuja afisa, wewe ni jirani kama majirani wengine, wako wengi waliosikia kilio kile.

Ukipiga, uliza umeongea na nani na uandike jina lake kwenye daftari. Zikipita siku tatu nne hujaona mtu, piga tena, kwani mafaili yanalala. Sasa, mume wako anatoka nyumbani saa ngapi? Akishatoka tu, ingia chumbani na simu yako upige, kisha niandikie wamekuambia nini.