Narkolepsia: lala kabla usingizi haujakuchukua

Mwenye narkolepsia, ugonjwa wa kuvamiwa na usingizi mchana, huitwa mvivu, ilhali ukijumlisha saa anazolala usiku na mchana, mara nyingi hazizidi sana za jirani yake. Kwenye ubongo kuna chembe zinazotengeneza oreksini, kemikali inayomshikilia mtu awe macho mfululizo. Kwa wagonjwa wengi chembe hizo zimekufa, basi usingizi huingia na kutoka upendavyo, na usiku nao hukatikakatika. Ndoto, ambazo kwa kawaida huanza saa moja au zaidi baada ya kulala, kwake huweza kufika ndani ya dakika 15. Hapo ndipo jinamizi linapomkaba mara kwa mara: macho yanaona, mwili haunyanyuki. (Jinamizi la mara mojamoja humpata hata mzima, usijitangazie ugonjwa.)

Kumkemea mgonjwa ajikaze ni kupoteza muda. Kinachosaidia ni kuuwahi usingizi. Panga vipindi viwili vya dakika 15 hadi 20, kwa mfano saa nne na nusu asubuhi na saa nane mchana, na utege kengele ya simu. Ukipitiliza, unaweza kuamka mzito kuliko ulivyolala. Usisubiri kope ziwe nzito, maana kufikia hapo akili imeshaanza kukatika: kalamu inaendelea kuandika, lakini herufi zinageuka mikwaruzo na mstari unateremka ukingoni mwa daftari. Mwalimu akiona daftari la namna hiyo kila wiki, asikimbilie fimbo.

Mlima wa ugali saa saba mchana huzidisha mambo. Punguza, ongeza mboga na maharage. Chai na kahawa ziishe mapema mchana. Angalia pia dawa za mafua na mzio: nyingi za zamani, kama klorofeniramini, hulaza hata asiye na tatizo.

Usiendeshe chombo chochote mpaka daktari aridhike kwamba hali imetulia. Watu husahau kwamba abiria wa bodaboda naye anaweza kusinzia akaanguka; panda daladala na umwambie konda unaposhuka. Jiko la mkaa na mafuta ya moto viwe na mtu wa pili karibu. Kuogelea peke yako, hapana.

Wengine wana katapleksia, yaani misuli kulegea ghafla. Mtu anacheka utani, taya linalegea, kichwa kinainama, kikombe kinamponyoka, magoti yanakunjika. Huchukua sekunde chache hadi dakika mbili hivi, na muda wote anasikia kila mnachosema. Hapo ndipo inapotofautiana na vifafa vingi vya kuanguka, ambavyo mtu hupoteza fahamu. Msimmwagie maji wala kumtia kijiko mdomoni. Mlazeni taratibu, mkingeni kichwa, msubiri.

Kabla ya kwenda hospitali, andika kwa siku 14: saa ya kulala, saa ya kuamka, mara ulizoshtuka usiku, kila ulipopitiwa mchana na ulichokuwa ukifanya. Daktari ataanza na yaliyo ya kawaida zaidi, kama upungufu wa damu, tezi ya shingo, na kukoroma kunakokatiza pumzi. Ukitoka maeneo yenye mbung'o, taja, ili malale nayo ichunguzwe. Kipimo chenyewe ni kulala hospitali usiku mmoja ukiwa na nyaya kichwani, kisha kesho yake kupewa nafasi tano za kulala, kila baada ya saa mbili. Wastani wa muda unaokuchukua kusinzia ukiwa dakika 8 au chini, na ndoto zikawahi angalau mara mbili, jibu linaelekea huko. Vituo vyenye kipimo hiki kwetu ni vichache, kwa hiyo daftari lako lina uzito.

Modafinili, dawa ya kumweka mgonjwa macho, humezwa asubuhi. Ikichelewa, usiku utakesha. Hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, hata kwa mwezi mmoja baada ya kuiacha, hivyo mwanamke atafute njia nyingine mapema. Dawa za katapleksia usiziache ghafla kwa sababu umejisikia nafuu: mwili unaweza kuanza kulegea mara nyingi kwa siku, hata ukiwa umeketi.