Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujapanda Treni

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Ijumaa mnakwenda misheni Chamwino, ndiyo mara yako ya kwanza, na unaniuliza: "Mama, nikikutana na mtu mwenye uchungu ambao mimi sijaupitia, nimwambie nini?"

Safari yangu ya kwanza nayo ilikuwa huko huko Dodoma, Agosti 1996, na vijana wa usharika. Nyie mtapanda SGR mfike kwa saa chache. Sisi treni ya Reli ya Kati ilituchukua usiku kucha, mapambio tukaimba mpaka sauti zikakauka. Nilikuwa nimekariri mistari ya kila tatizo: wa mgonjwa, wa mjane, wa mlevi.

Siku ya pili nikafuatana na mama mwenyeji wangu kuteka maji. Ilikuwa kiangazi, mto umebaki mchanga mtupu. Wanawake wamechimba shimo linalofika kiunoni; unaingia, unasubiri maji yajichuje, unachota nusu kata, unamimina ndooni, unasubiri tena. Na mimi ni mtoto wa Dar, niliyezoea kumwita muuza maji na mkokoteni wake wa madumu.

Tukiwa pale akaniambia mvua zilizopita alimzika mwanawe wa miaka minne. Papo hapo nikamjibu, "Usilie mama, ni mapenzi ya Mungu," nikafungua Biblia. Hakunijibu. Aliendelea kuchota. Mwanangu, ule ukimya ninao mpaka leo.

Baadaye akaninyooshea kata: "Chota wewe." Nikashuka shimoni, nikachota mpaka mgongo ukauma na maneno yakaniishia. Hapo ndipo akaanza kunisimulia: jina la mtoto, homa ilivyoanza usiku, walivyompakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, kukawakuchia njiani. Nilisikiliza huku nachota. Machozi yalinitoka bila kuyaita.

Usiku ule nilisoma Yohana 11 kwa koroboi. Yesu alikuwa ameshawaambia wanafunzi wake kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro, lakini alipowakuta wafiwa naye akalia machozi. Na kisimani Samaria, mwenye maji ya uzima alianza kwa kuomba: "Nipe maji ninywe."

Kwa hiyo, mama, mwambie pole, halafu kaa naye. Akiwa anapepeta, shika ungo. Neno la Mungu utalisoma akiwa tayari kulisikia, wala hutahitaji kumharakisha. Wakikukaribisha ugali wa uwele na mlenda, kula, hata kama unaona chakula chenyewe ni kidogo. Usimnyime mtu heshima ya kukukirimu. Na simu yako ikae mfukoni mpaka uwajue watoto kwa majina.

Alhamisi pitia nyumbani uchukue kanga zangu mbili. Moja ya kujifunga, nyingine utaikunja ngata.

Mama yako